Isaka Alishuka na Nani?

Somo: Mwanzo 22:1–19, 25:7–11

Wapendwa, habari ya Moria, Ibrahimu alipotaka kumtoa mwanawe Isaka sadaka, wengi wetu huishia kwenye kondoo dume aliyenaswa pembe kichakani. Mtoto kapona, imani ya Ibrahimu imethibitika, tunaitikia amina. Wiki hii nawaomba tusome hadi aya ya 19. Ibrahimu anawarudia vijana wake, wanashika njia pamoja kwenda Beer-sheba. Isaka hatajwi. Wakati wa kupanda tumeambiwa mara mbili kwamba baba na mwana walikwenda pamoja. Wakati wa kushuka, kimya. Na tangu siku ile Maandiko hayasimulii neno hata moja ambalo wawili hawa waliambiana.

Miaka mingi baadaye Yakobo, mwana wa Isaka, akiteta na mjomba wake Labani, anamtaja Mungu wa baba yake kwa jina zito: Hofu ya Isaka. Wafafanuzi wengi husema hofu hiyo ni kicho cha ibada, nami sibishi. Ila siwezi kusahau kwamba aliyemcha Mungu hivyo ndiye yule mtoto aliyefungwa juu ya kuni na kukiona kisu mkononi mwa baba yake mwenyewe.

Wanasaikolojia wameutafakari uhusiano huu wa sura ya baba na sura ya Mungu kwa zaidi ya karne moja. Sigmund Freud, mtoto wa familia ya Kiyahudi, alishikilia katika kitabu chake cha mwaka 1927 kwamba Mungu tunayemwabudu ni baba wa utotoni aliyekuzwa na unyonge wetu. Mimi naamini Mungu alikuwapo kabla ya baba yeyote, lakini jicho la Freud lilimwona mtoto sawasawa. Aliyetusaidia zaidi, kwa maoni yangu, ni Ana-María Rizzuto, daktari wa akili mzaliwa wa Argentina. Mwaka 1979 alionyesha kwamba sura ya Mungu moyoni mwa mtu haitokani na baba peke yake. Mama yumo, bibi na babu wamo, walezi wamo, na sura hiyo huendelea kubadilika mtu anapokua. Kwetu sisi wa Kibiti hiyo ni habari njema.

Maana tunajua yaliyotupata. Kati ya mwaka 2015 na 2017, katika wilaya za Mkuranga, Kibiti na Rufiji, waliuawa watu zaidi ya 30, wengi wao wenyeviti wa vijiji na vitongoji na viongozi wengine wa mitaa yetu, pamoja na askari polisi 8 walioviziwa Aprili 13, 2017 huku kwetu Kibiti. Wapo waliochukuliwa na hawakuonekana tena. Mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyeandika juu ya mauaji hayo, alitoweka Novemba 21, 2017, akimwacha mkewe mjamzito. Mtoto wa mmoja wa hao aliyekuwa na miaka 7 wakati ule ni kijana sasa. Baadhi ya watoto hao wamekaa mbele yangu kwenye mafundisho ya kipaimara, na tukifika kwenye kumwita Mungu Baba, nyuso zinainama. Kijana wa namna hiyo simhesabu kuwa na imani haba. Kapanda Moria, na hakuna aliyeshuka naye.

Ninachokiogopa ni kimya chetu watu wazima. Tumenyamaza kwa hofu, baadaye kwa mazoea. Jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi hapa, huikumbuka sadaka ya Ibrahimu kila Idi ya kuchinja, na katika Kurani baba anamweleza mwanawe alichokiona ndotoni, kisha anamuuliza yeye anaonaje. Mtoto anazungumzishwa. Tujifunze kwao.

Tuangalie pia mwisho wa Ibrahimu. Anazikwa katika pango la Makpela na wanawe Isaka na Ishmaeli kwa pamoja, mmoja aliyefungwa madhabahuni na mwingine aliyefukuzwa jangwani na mama yake akiwa na mkate na kiriba cha maji. Biblia haisemi walizungumza nini pale kaburini. Inatosha kwamba walikuja wote wawili.

Kwa hiyo nawasihi akina baba, wajomba na babu, wa Bungu, wa Jaribu, wa Nyamisati, na ninyi wa visiwani kwenye mikoko mnaokaa dago wiki nzima mkitafuta kamba. Mtoto aliyepotelewa na baba msimwambie kwamba yalikuwa mapenzi ya Mungu. Mwambieni baba yake alikuwa nani, alilima wapi, alipenda nini, amezikwa wapi. Na kama hakuna kaburi, mwambieni hivyo pia. Mchukueni shambani, mkae naye kwenye dungu mkiwinga ndege wa mpunga, mumwache aulize. Akikasirika na Mungu, msimkemee, kwa kuwa Ayubu na Yeremia walikasirika na maneno yao yamo ndani ya Biblia. Anzeni wiki hii, na mwanze na mtoto wa jirani.