Kuiga na Kuiba
Katika mchezo wa video uitwao Ghost of Tsushima, uliotengenezwa Marekani na kutolewa mwaka 2020, mchezaji aweza kuamuru rangi zote zitoweke. Picha huwa nyeusi na nyeupe, na upepo huzidi kuvuma. Namna hiyo ya kucheza imepewa jina la Akira Kurosawa, mtengeneza sinema wa Japani, kwa idhini ya jamaa zake.

Je, kuiga ni kuiba? Mwaka 1961 Kurosawa alitoa Yojimbo, hadithi ya mpiga upanga asiye na bwana, aingiaye mji wenye magenge mawili hasimu. Mwaka 1964 Mwitaliano Sergio Leone aliichukua hadithi ile bila ruhusa, akamvika shujaa kofia na bastola. Wenyewe wakashtaki, wakalipwa. Lakini Kurosawa naye alijifunza mengi kwa filamu za Mmarekani John Ford, wala hakuficha.

Mimi simlaumu Leone kwa kuiga. Namlaumu kwa kunyamaza. Filamu yake ilikuwa nzuri sana, na uzuri huo haukulipa deni.

Nawe uchezaye leo, itafute Yojimbo. Ngojea pigano la mwisho, uutazame upepo na vumbi lile.