Kiwanja na Maji Yake

Mvua ikinyesha Nyakabanda, mtaa wa kilimani jijini Kigali, maji yake hayakai Nyakabanda. Hutiririka juu ya mabati, yakapita uani, yakaingia katika ruhurura, yaani mtaro mkubwa, wa Mpazi, kisha yakashuka mteremko wa Kimisagara kwa kishindo hadi Nyabugogo, yamegeuka rangi ya udongo, yamebeba chupa tupu na kandambili ya mtu. Huko chini hukutana na mto Nyabugogo utokao Ziwa Muhazi, na yote kwa pamoja hutafuta njia ya kuingia Nyabarongo. Bonde hilo la makutano ndilo tulilolijengea gare, yaani kituo kikuu cha mabasi, soko, karakana na maghala. Mabasi ya Musanze, Huye, Rubavu na Kampala hujaza abiria juu ya ardhi ambayo tangu enzi za kale ilikuwa mahali pa maji kupumzikia.

Mwaka 2005 Rwanda ilitunga sheria ya mazingira iliyotaja vipimo vinavyoeleweka na kila mtu: usilime ndani ya mita 10 kutoka ukingo wa mto, wala mita 50 kutoka ziwani, na usijenge ndani ya mita 20 kutoka ukingo wa kinamasi. Kinamasi chenyewe ni mali ya Serikali, na hilo halina ubishi mkubwa. Ubishi uko kwenye zile mita 20 za pembeni, kwa sababu mara nyingi zina mwenyewe. Kuna aliyezirithi, kuna aliyezinunua kwa jasho lake, kuna aliyezipanda migomba kabla mji haujamfikia. Sheria haikumnyang'anya. Iliacha jina lake pale pale, ikaweka hifadhi ndani ya kiwanja chake.

Nimelifikiria sana jambo hili, kwa sababu linagusa swali la zamani kuliko sheria yoyote: mtu akisema "hii ni yangu", amesema nini hasa?

Nchini Rwanda swali hilo lina uzito wa pekee. Kati ya mwaka 2009 na 2013 nchi nzima ilipimwa, kilima kwa kilima, na viwanja zaidi ya milioni 10 vikaandikishwa. Kwa watu waliozoea kugombana na ndugu na majirani juu ya mipaka ya kukisia, katika nchi yenye ardhi finyu na kumbukumbu nzito, karatasi ya hati waliyopewa ilikuwa kitulizo. Wajane waliona majina yao yameandikwa. Kijana alijua pa kuanzia. Ndiyo maana siwezi kuizungumzia haki ya kumiliki kana kwamba ni choyo tu cha mtu na kipande chake. Hati ni usalama, na asiyewahi kuukosa asiudharau.

Mzee mmoja upande wa Gatsata alinionyesha kiwanja chake kwenye simu. Aliingiza namba ya kiwanja, ile inayoanza na 1/02 kwa kuwa ni Kigali, wilaya ya Gasabo, na ramani ya mpango wa mji ikafunguka. Kiwanja kilikuwa kimepakwa rangi mbili. Rangi ya makazi ilianza barabarani ikaishia nyuma ya jiko. Kutoka pale hadi mwisho ilikuwa rangi ya kinamasi. Tulitoka tukaenda kuangalia. Mstari ule, ambao kwenye simu ulikuwa mwembamba kama uzi, ulipita katikati ya shina la mgomba na kamba ya kuanikia nguo. Upande wa huku angeweza kuomba kibali cha kujenga chumba. Upande wa kule hata choo hakiruhusiwi. "Hati inasema ni yangu," alisema, "ramani inasema ni ya maji. Sasa mwanangu, nimsikilize nani?"

Katiba ya Rwanda inawasikiliza wote wawili. Ibara ya 34 inasema mali ya mtu isiguswe, isipokuwa kwa manufaa ya umma na kwa kufuata sheria. Ibara ya 53 inampa kila mtu wajibu wa kulinda mazingira. Sioni mgongano hapo, ila naona kazi ambayo haijamalizika, kwa sababu ibara hizo hazisemi gharama ya wajibu huo wa wote ilipwe na nani. Na kinamasi, kwa maumbile yake, kipo chini. Atakayebeba mzigo wa kukilinda ni yule ambaye ardhi yake imekaa chini, hata kama hakuchangia chochote katika kukiharibu.

Tumezoea kufikiri kwamba kumiliki ni uwezo wa kukataa: huyu asipite, yule asilishe, huyu asijenge. Ukuta ndiyo alama yake. Lakini maji hayajui kukataliwa. Ukijenga juu ya njia yake, yataingia kwa jirani; jirani naye akiinua ukuta, yatahamia kwa wa tatu; na mwisho wa mlolongo huo yupo muuza nyanya wa Nyabugogo, amepandisha meza yake juu ya matofali, akingoja mafuriko yapungue. Uhuru wa kila mmoja katika kiwanja chake umekuwa hasara ya mtu mmoja ambaye hakuwahi kuulizwa. Kwa hiyo naamini kumiliki ardhi ni pamoja na kuwajibika kwa kinachotoka ndani yake. Aliye na paa ana maji ya paa hilo. Ni yake yakiwa juu ya bati, na ni yake pia yakiwa Nyabugogo.

Kisa cha Rugezi kinaonyesha jinsi mzigo huo unavyoweza kusafiri mbali. Rugezi ni kinamasi kikubwa cha kaskazini, kinacholisha maziwa ya Burera na Ruhondo, na kati ya maziwa hayo kuna kituo cha umeme cha Ntaruka. Watu walilima ndani ya kinamasi, mifereji ikachimbwa, maji yakashuka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Ntaruka ikapungukiwa nguvu, na Kigali ikalazimika kuendesha majenereta ya dizeli kwa gharama kubwa. Serikali ikaamua: kilimo kikatolewa kinamasini, mafunjo yakaachwa yaote, na mwaka 2005 Rugezi ikaingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Maji yakarudi, na korongo wenye taji wakapata pa kutagia. Uamuzi ulikuwa sahihi, nauunga mkono bila kigugumizi. Lakini tazama nani alilipa nini. Mkulima wa Burera alipoteza tuta la viazi ili taa ya Kigali iwake, na pengine nyumbani kwake hakukuwa na hata waya wa umeme. Kinamasi kilipona kwa kafara ya mtu ambaye mjini hakuna anayemjua.

Wakenya wamejaribu njia nyingine. Sheria yao ya mazingira ya mwaka 1999 inaruhusu mahakama kuweka sharti la hifadhi juu ya ardhi ya mtu binafsi, kwa muda maalumu au kwa daima, na inasema waziwazi kwamba mwenye ardhi anastahili fidia inayolingana na thamani ya matumizi aliyoyapoteza. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ikaenda mbele zaidi, ikamtambua mwenye ardhi anayeamua mwenyewe kuifanya hifadhi. Namna hiyo ya pili ndiyo inayonivutia kifikra. Mtu anajizuia mwenyewe. Anaweka ahadi ambayo inaweza kuwafunga hata watakaoinunua ardhi hiyo baada yake, watu ambao hajawaona na hatawaona. Ni jambo zito kwa binadamu, ambaye maisha yake ni mafupi kuliko ya mti wa kawaida, kusema juu ya ardhi: ibaki hivi nikishaondoka.

Ahadi nayo huhitaji kulishwa. Kitengela, kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, mpango ulianza mwaka 2000 wa kuwalipa Wamaasai shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushie ua, wasiuze vipande vipande, na nyumbu na pundamilia wapate kupita. Fedha zilitolewa kwa awamu kufuata mihula ya shule, na hilo lilikuwa la busara, maana mzazi aliona moja kwa moja kwamba pundamilia yule anayekula majani yake analipa karo ya mwanawe. Kwa muda ilifanya kazi vizuri. Lakini Nairobi ilikuwa inakuja. Barabara, viwanda na wanunuzi wa viwanja walifika na fedha ambazo shilingi 300 haziwezi kushindana nazo, na nyua zikaendelea kusimama.

Wapo watakaosema basi tuiachie dola, kwa kuwa amri haina bei ya kupandishwa. Jibu ni Hifadhi ya Taifa ya Akagera, Rwanda. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1934, ikawa ya Serikali mia kwa mia, na mwaka 1997 sehemu kubwa yake ilikatwa ili kuwapa ardhi watu waliorudi nyumbani baada ya miongo ya ukimbizi. Nani angewakatalia? Wenye haki walikuwa wanahitaji mahali pa kulala na pa kuchungia. Nakumbusha tu kwamba neno "daima" katika sheria za hifadhi, liwe limetamkwa na Serikali au na mwenye kiwanja, hudumu pale tu wanaoishi juu ya ardhi wanapokuwa na sababu ya kulitunza.

Narudi kwenye bonde la Nyabugogo. Huko amri ina haki yake, kwa sababu mafuriko hayangojei ridhaa. Kama kila mwenye kiwanja wa ukingoni angesubiriwa aweke ahadi kwa hiari, mmoja tu akikataa angetosha kuziba mto. Sheria ya mita 20 ni ya lazima, na mradi ulioanza 2024 wa kufufua vinamasi vitano vya Kigali, yaani Gikondo, Rwampara, Kibumba, Rugenge-Rwintare na Nyabugogo, ni kazi njema. Aliyewahi kutembea Nyandungu, hekta 121 zilizofunguliwa kwa umma mwaka 2022, ameona kwa macho yake kwamba mahali palipochukuliwa kuwa pori la taka panaweza kuwa na ndege, vivuli na watoto wanaojifunza majina ya miti.

Kinachonisumbua ni upofu wa ramani. Ile ramani ya kwenye simu ya mzee wa Gatsata inajua kupaka rangi bondeni tu. Inamwonyesha yeye kuwa sehemu ya hifadhi, na inamwonyesha mwenye ghorofa la Kimisagara kuwa sehemu ya makazi, kana kwamba hawajuani. Ukweli ni kwamba ghorofa lile, lililosakafiwa ua wake wote kwa saruji kwa ajili ya kuegesha magari, ndilo lililoipa Mpazi kasi yake. Zamani udongo wa kilima ulikunywa mvua taratibu. Sasa bati na saruji huisukuma yote chini kwa dakika chache. Mafuriko hutengenezwa juu na hulipwa chini.

Sheria ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, ile ya 2015, inajua kufidia: thamani ya ardhi na mali iliyo juu yake, pamoja na asilimia 5 kwa usumbufu, na malipo ndani ya siku 120 tangu kiwango kuidhinishwa. Lakini mlango wake hufunguka pale ardhi inapochukuliwa. Mzee yule hajachukuliwa kitu. Ana mita zake 20, anazifyeka, anawazuia watu kutupa takataka humo, na kwa kufanya hivyo anaufanyia mji mzima kazi ambayo hakuna mshahara wake. Mlinzi wa gare analipwa. Mfagizi wa barabara analipwa. Anayetunza nafasi ya maji kupumua anaambiwa tu asijenge.

Naona haki ingeanza kwa kumhesabu mzee huyo kama mtoa huduma, na kwa kumtafuta mdaiwa wake. Masharti ya ujenzi ya Kigali tayari yanazitaka nyumba zivune maji ya mvua. Matangi yapo mengi, na mengine ni pambo. Hapo ndipo pa kuanzia. Asiyetaka kuyazuia maji yake juu, ayalipie chini, kwa kipimo cha paa lake na saruji ya ua wake, na fedha hiyo ishuke kwa njia ile ile yanayoshukia maji, hadi kwa mwenye kiwanja cha rangi mbili. Halafu, pale kwenye hati ya kila kiwanja cha kilimani, baada ya namba, ukubwa na jina la mwenyewe, uongezwe mstari mmoja unaoeleza maji ya kiwanja hicho yanaelekea bonde gani. Hati ya Nyakabanda ingeandikwa: Mpazi, kisha Nyabugogo. Mnunuzi angeusoma mstari huo kabla ya kutia sahihi, kama anavyosoma deni la benki.