Kuni za Mnyonge, Magogo ya Mkubwa



Ndugu zangu katika imani, imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.), akiwa khalifa, alimweka Hunayy, mtumwa aliyemwacha huru, asimamie himaa, yaani malisho ya hifadhi. Alimuusia aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Kisha akamwamuru: mwenye ngamia wachache na kondoo wachache mwache aingie, mifugo ya Abdurrahman bin Auf na ya Uthman bin Affan usiikaribishe. Yatazameni majina hayo! Hao ni masahaba waliobashiriwa Pepo, wala Umar hakuwatuhumu kwa lolote. Hoja yake ni kwamba wao mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kukimbilia, ilhali maskini atamjia khalifa na watoto wake mkononi. Tena akakiri kuwa wenyeji wanaona wamedhulumiwa, maana ardhi ni yao, waliipigania tangu zama za ujahilia.

Sisi katika misitu yetu tumeipindua amri hiyo. Mama aliyejitwika mzigo wa kuni ananyang'anywa panga na kutozwa faini, na usiku kizuizi kinainuliwa lori la magogo lipite, kwa kuwa mwenye mzigo anajulikana. Taarifa ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 kuhusu kusini mwa Tanzania ilionyesha kuwa hadi asilimia 96 ya mapato ya mbao yaliyostahili kukusanywa yalipotea. Tukisoma Suratul Mutaffifin, ole kwa wapunjao, tunamfikiria muuza mchele na kibaba chake. Mita za ujazo za gogo la mpingo nazo ni kipimo.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, kuusimamia na kunufaika na mapato yake, na vijiji vya Kilwa vimeuza mpingo kwa njia hiyo. Ni heri kubwa. Lakini dhuluma haihitaji kutoka wilayani. Watu watano wa kijijini wanaitosha, wakiwa na mhuri na daftari lisiloonwa na mtu.

Basi wewe mjumbe wa kamati ya maliasili uliyeketi katika safu hizi, mkutano mkuu wa kijiji ukiitwa, simama ulisome daftari la ushuru na faini lote, hata kama jina la shemeji yako limo.