Yule Kijana ni Wetu

Jumatano ya tarehe 3 Julai 2019 nilikuwa kwenye daladala nikitoka sokoni, dereva akaongeza sauti ya redio. Mahakama ya Milimani, Nairobi, imemhukumu Rashid Charles Mberesero kifungo cha maisha kwa mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa. Mtanzania. Abiria wa nyuma akasema, "Wangemnyonga tu." Mama aliyeketi karibu na dirisha akaguna: "Huyo si wetu. Watu wa namna hiyo hawazaliwi hapa." Konda akaongeza lake juu ya Waislamu, ambalo siliandiki. Gari zima likacheka. Na mimi, mhubiri wenu, nilinyamaza mpaka nikashuka. Ukimya ule umeninyima usingizi, na ndio ulionishikisha kalamu.

Wapendwa, kabla ya kumsema aliyefungwa, tuwalilie waliozikwa. Ilikuwa Alhamisi Kuu, tarehe 2 Aprili 2015. Huku kwetu tulikuwa tukijiandaa kwa ibada ya jioni. Kule Garissa wanafunzi walikuwa wameshaamka. Wengine wamekusanyika darasani kwa sala ya alfajiri, na hao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuuawa. Watu wanne wenye bunduki walipita mabwenini wakiwauliza vijana dini yao, na jibu ndilo lililoamua nani afe. Mauaji yale yalianza kabla jua halijachomoza, na vyombo vya usalama havikuyamaliza mpaka jioni. Watu 148 walikufa, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Pasaka ile, kuna wazazi walioshinda mochwari ya Chiromo, Nairobi, wakimtafuta mtoto ambaye pengine ndiye wa kwanza katika ukoo mzima kufika chuo kikuu. Walimsindikiza kituo cha basi na begi lake jipya. Sasa wanaulizwa alivaa shati la rangi gani.

Sitaki mtu yeyote aifikie huruma bila kupita Chiromo. Anayehubiri msamaha huku akiwaruka wale wazazi, mahubiri yake ni kelele.

Kwa hiyo sisemi adhabu imezidi. Kesi ilichukua miaka minne. Hakimu Francis Andayi alisikiliza, akapima, kisha akatenganisha: mmoja maisha, wawili miaka 41 kila mmoja, na mwingine aliachiwa huru mwezi Juni kwa sababu ushahidi haukumtia hatiani. Sikieni hilo! Mbele ya damu ya watu 148, mahakama bado iliuliza: huyu alifanya nini, na huyu je? Sisi kwenye daladala tulihukumu dini nzima kati ya kituo kimoja na kingine.

Tunajua hukumu ya jumla jumla huzaa nini. Aprili 2014, mwaka mmoja kabla ya Garissa, serikali ya Kenya iliendesha msako ulioitwa Usalama Watch. Wasomali kwa maelfu walikamatwa, wengi wao Eastleigh, na uwanja wa Kasarani ukageuzwa mahali pa kuwaweka na kuwachuja. Jina tu lilitosha. Sura tu ilitosha. Je, waliopanga Garissa walizuiwa?

Sasa nipeleke macho yenu Mandera, Desemba 2015. Wapiganaji wa Al-Shabaab, kundi lile lile la Garissa, walisimamisha basi karibu na El Wak wakaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alikuwa miongoni mwa waliokataa. Akapigwa risasi, na Januari 2016 akafariki. Yuko Mkristo leo anakula ugali na wanawe kwa sababu ya damu ya mwalimu yule. Ukirudia tena maneno ya konda, yarudie ukiwa umesimama kaburini kwa Salah Farah, uone kama ulimi utakutii.

Narudi kwa yule mama wa dirishani, kwa maana neno lake ndilo lililonichoma zaidi. Huyo si wetu. Ni wa nani, basi? Kaini alipomuua nduguye, Mungu alimhukumu na kumfukuza, lakini alimtia alama ili atakayemwona asimuue. Wala hatusomi popote kwamba alikoma kuwa mwana wa Hawa. Mberesero alikuwa Mtanzania. Hakuokotwa jangwani. Kuna jirani aliyewahi kumtuma chumvi dukani. Kuna siku aliondoka, na siku hiyo kuna watu waliiona nafasi yake tupu.

Hata mmoja wa wale wanne waliofyatua risasi Garissa alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu wa Mandera. Mtoto alipotoweka, baba alikwenda kutoa taarifa serikalini. Fikirini miguu ya baba yule njiani! Chifu, mtu wa serikali, anakwenda kusema mwanangu amepotea na naogopa alikokwenda. Taarifa ile haikumrudisha mwana, lakini mzee alisema.

Na huku kwetu? Mama gani atasema, ikiwa amekaa kwenye daladala lile lile, kiti cha pembeni, akatusikia tukicheka? Atajua jina atakalopewa: mama gaidi. Atajua kanisani watamhama benchi na msikitini watampunguzia salamu. Atafunga mdomo. Atawaambia majirani mwanawe amepata kazi mbali. Wanaowatafuta vijana wetu ili wawaingize kwenye ugaidi wanahitaji kimya hicho kuliko bunduki, na sisi tunawapa bure, kwa kicheko kimoja cha jioni.

Acheni! Nawasihi kwa jina la Yesu, acheni neno hilo la "huyo si wetu". Likitoka kinywani mwa rafiki yako, mkatishe, hata akikununia. Mimi nilishindwa Jumatano ile, wewe usishindwe.

Na wewe mama, baba, wa kanisa hili au wa msikiti wa jirani, ambaye kijana wako ameacha kupiga simu, au amebadilika maneno na humwelewi tena: sitakuuliza ulimleaje. Nyumba yangu iko nyuma ya kanisa, mlango wa bluu. Njoo hata usiku wa manane. Tutakaa, tutalia, na kukicha tutakwenda pamoja popote inapobidi kwenda.