Macho Mekundu ni ya Nani?



Andiko letu ni Mithali 23, mstari wa 29 hadi 35. Lisomeni nyumbani pamoja na watoto. Mwenye hekima anaanza na mwili wa mlevi: macho mekundu, majeraha yasiyo na sababu. Kisha anatuonyesha mtu aliyepigwa asisikie maumivu, na akiamka anatafuta pombe tena. Mtu huyo tunamjua. Analala kando ya njia ya soko letu hapa Nakivale.

Nasema juu ya kanyanga, ambayo wenyeji wetu Waganda huiita enguli. Wengine husema, "Mchungaji, ni dawa ya mawazo." Tumeacha mashamba, tumezika watu njiani, usingizi haupatikani, hayo siyakatai. Lakini kanyanga inamlaza mtu saa chache, halafu inamwamsha usiku wa manane moyo ukipiga mbio. Ini ndilo linalobeba kazi ya kuisafisha. Likiharibika, tumbo hujaa maji na macho huwa manjano. Anayemeza dawa za kifua kikuu yuko hatarini zaidi, kwa maana dawa zile nazo hulichosha ini hilohilo. Na mama mwenye mimba akinywa, mtoto naye amekunywa.

Siku hizi posho imepungua, na vijana wanakunywa bila kula. Sukari ya damu inashuka, mtu anazimia, nasi tunapita tukisema amelewa tu. Mlaze ubavu asisongwe na matapishi, mfikishe kituo cha afya upesi. Yule Msamaria wa Luka 10 hakumhoji kwanza majeruhi.

Tena kuna sumu iitwayo methanoli, ambayo wauzaji wenye tamaa huichanganya ili kinywaji kiwe kikali. Kwa macho huwezi kuitambua. Dalili zaweza kuchelewa hata kesho yake: kichwa kuuma, kutapika, kuona ukungu, kisha upofu au kifo. Mwaka 2010 kule Kabale, kusini-magharibi hii hii ya Uganda, makumi ya watu walikufa hivyo.

Sasa neno gumu. Katika Habakuki 2:15 ole ni kwa yule anayemnywesha jirani yake. Kati yetu wako mama wanaopika kanyanga katikati ya juma, na Jumapili wanaimba kwaya. Sababu naijua: karo, sabuni, chumvi. Kumwambia mama "acha" kisha nikaenda zangu ni kazi rahisi mno, maana mtoto wake ndiye atakayerudishwa kutoka shuleni.

Kwa hiyo wazee wamekubali shamba la kanisa, upande wa bondeni, ligawiwe mama hao msimu huu kwa maharage na nyanya. Anayetaka kipande amwone Mama Shemasi Alhamisi baada ya maombi. Majina hayatasomwa kanisani.