Kabla Hujasema Imekufa



Kampuni ya Lionel ilianza mjini New York mwaka 1900, na treni zake ndogo za umeme zikawa furaha ya watoto wa Marekani wakati wa Krismasi. Watoto wakakua, treni zikawekwa masandukuni. Leo mjukuu hukitoa kichwa cha treni cha babu yake, hukiweka kwenye reli na kuwasha umeme. Kimya. Ni rahisi kusema kimekufa.

Fundi mwenye subira hasemi hivyo mapema. Hukifungua taratibu, akitunza kila skrubu. Ndani hukuta grisi iliyokauka na masizi yaliyofunika shaba inayozunguka, pale kaboni mbili zinapogusa ili kuipa mota umeme. Mara nyingi mota yenyewe ni nzima. Hufuta kwa spiriti, kisha hutia oili kwenye ekseli, tone tu, kwa maana ikizidi hutiririkia shaba na kuleta uchafu uleule. Hata wema una kipimo chake.

Je, yupo ndugu ambaye hamsemezani, nawe umekwisha kuamini kwamba upendo wenu umekufa? Yawezekana ni neno moja tu lililokauka pale mlipokuwa mkigusana? Petro alimkana Bwana, na Bwana alimwandalia chakula ufukweni kabla ya kumuuliza lolote.

Upo pia ubovu usiofutika. Magurudumu mengi ya treni hizi, ya miaka ya 1920 na 1930, yalitengenezwa kwa zinki iliyoingiwa na risasi kidogo. Miaka ilipopita yakavimba, yakapasuka, yakamomonyoka. Hakuna aliyeyaangusha, kasoro iliingia siku yalipomiminwa kwenye kalibu. Fundi hayapigi gundi. Huyang'oa, akaweka mapya, na treni ni ile ile ya babu.

Nawe huenda umebeba hofu au hasira iliyokuingia utotoni, kabla hujajua kuchagua. Usijichukie kwa ajili yake. Mwombe Mungu akuonyeshe lipi la kusafishwa kwa msamaha, na lipi la kuachiliwa ili akupe jipya.

Kichwa cha treni kikiamka, fundi hakikimbizi. Hukizungusha polepole, hukisimamisha, huigusa mota kuona kama imepata joto mno. Basi ukimpigia simu ndugu yako wiki hii, msalimie, muulize habari za watoto, umsikilize. Yale mazito yatapata siku yake.