Sidii Mbovu na Uaminifu wa Fundi

Mnunuzi wa chungu sokoni halipi kabla hajakigonga kwa kidole. Kikitoa sauti ya ufa hukirudisha, hata kama ufa wenyewe hauonekani kwa macho. Desturi hii ni ndogo, lakini imejengwa juu ya haki: atoaye jasho lake anastahili kukijua anachokipata. Kwa ajili hiyo wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Lakini ziko bidhaa zisizogongeka. Katika makala hii twakusudia kuitazama mojawapo, nayo ni sidii ya filamu, na kuuliza swali hili: Je, mtu atengenezaye sidii mbovu na kuiuza ametenda kosa la ufundi tu, au ametenda kosa la maadili? Na kama ni kosa la maadili, amemkosea nani?

Yafaa kwanza tukumbuke sidii ilikuwa na cheo gani katika maisha ya watu wetu. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, lakini kwa miaka mingi filamu zilizotengenezwa nchini zilikuwa chache mno. Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973. Tanzania Bara iliingojea hadi 1994. Mwaka 2003 ilitoka filamu ya Girlfriend ya George Tyson, na baada yake filamu za Kiswahili zikaanza kutoka kwa wingi. Nyingi kati ya hizo hazikupitia jumba la sinema hata mara moja. Zilitoka kwa wasambazaji wa Kariakoo zikiwa ndani ya makasha, zikachukuliwa na wachuuzi, zikafika Tandale, Mwananyamala, Tandika na Mbagala. Huko zilitazamwa sebuleni, au katika vile vyumba vya joto na mabenchi ambavyo watu wenyewe waliviita vibanda umiza. Steven Kanumba alipofariki mwezi wa Aprili 2012, umati mkubwa ulifurika viwanja vya Leaders, Kinondoni, kumuaga. Wengi wa waliolia siku ile walimfahamu kwa njia ya sidii. Basi kwa mwananchi wa kawaida sidii ilikuwa ndiyo jumba la sinema, na ndiyo maktaba.

Sasa tuutazame ubovu wenyewe. Sidii ya video ilichukua dakika 74 hivi za picha, tena picha ya nukta 352 kwa 288 tu. Dividii huchukua nukta 720 kwa 576, yaani mara nne hivi. Kwa kuwa filamu ya saa mbili haikuenea katika sidii moja, iligawanywa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Hapo hapakuwa na kosa. Lakini haja hiyo ya ufundi iligeuzwa kuwa mwanya wa biashara. Hadithi ya saa moja ilivutwa ili ienee sehemu mbili, kila moja kwa bei yake. Gari lafika getini, mlinzi afungua, gari laingia, mwenye gari ashuka, apanda ngazi, abisha hodi, na katika muda wote huo hakuna neno lililosemwa. Mtazamaji alikuwa akiuziwa dakika tupu.

Ubovu wa pili ulikuwa wa kurundika. Dividii ya kawaida, yenye gigabaiti 4.7, hutosha saa 2 hivi za picha safi. Mwenye kudurufu filamu 20 za kigeni, kila moja ya saa moja na nusu, alilazimisha saa 30 zikae mahali pa saa 2. Hapana budi kitu kitupwe. Hutupwa mikunjo ya uso, maji ya bahari hugeuka miraba, na maandishi ya chini hayasomeki. Ubovu wa tatu ulikuwa wa jalada: picha kubwa ya mwigizaji mashuhuri, ambaye ndani ya filamu huonekana kwa dakika mbili. Na muuzaji alipoombwa aijaribu dukani, alichezesha dakika za mwanzo, ambazo kwa kawaida ndizo nzuri. Filamu ilikwama katikati, nyumbani, wakati fedha imekwisha kutolewa. Huyo ndiye aliyeuziwa mbuzi ndani ya gunia.

Wako watakaotupinga, na hoja zao zastahili kujibiwa. Wengine husema kwamba mtengenezaji alikuwa maskini: kamera moja, hana taa za kutosha, kinasa sauti kimo ndani ya kamera. Twakubali. Lakini yatupasa kutenganisha mambo mawili, yaani uhaba wa zana na dharau kwa mtazamaji. Tuchukue mfano wa Kapteni Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye alizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti zake za asili. Kwa kipimo cha ufundi kazi hiyo ilikuwa na kasoro nyingi, kwani sauti moja iliwasemea wanaume, wanawake na watoto; tena suala la haki za wenye filamu ni kosa jingine la kujadiliwa peke yake. Hata hivyo msimulizi alimfikiria mtu aliyeketi kwenye benchi, asiyejua Kiingereza wala Kihindi, akajitaabisha ili mtu huyo aelewe. Zana zake zilikuwa duni. Heshima yake kwa mtazamaji haikuwa duni. Kuiacha gari ikitambaa getini ili dakika zitimie hakutokani na umaskini wowote.

Wengine husema kwamba mnunuzi mwenyewe ndiye aliyetaka rahisi. Hoja hii inasahau kwamba maskini hana fedha ya kukosea. Mwenye nacho akinunua kibovu hununua kingine. Mama wa Mbagala aliyeweka akiba ili watoto wake wapate burudani ya Jumapili hana Jumapili ya pili. Kumpunja huyo kwa kisingizio cha unyonge wake ni unyonyaji, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kutufundisha kuuita unyonyaji kwa jina lake.

Hoja ya tatu ni ya sheria: si tuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na si stempu za kodi zilianza kubandikwa katika kazi za filamu na muziki mwaka 2013? Ni kweli, na hatua hizo zilikuwa na faida. Lakini stempu yashuhudia kwamba kodi imelipwa; haishuhudii kwamba sauti inasikika. Mwezi wa Aprili 2017 baadhi ya waigizaji waliandamana Kariakoo wakilalamika kwamba filamu za kigeni zilizouzwa bila kulipiwa kodi zinaua soko lao. Malalamiko yao yalikuwa na haki. Hata hivyo soko huuawa pia na mnunuzi aliyedanganywa mara tatu, ambaye mara ya nne hupita dukani bila kugeuza shingo.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha jambo. Kijijini mfinyanzi alimjua mnunuzi wake. Kesho walikutana kisimani. Haya ilikuwa mlinzi wa ufundi. Mjini, anayedurufu sidii katika chumba cha Kariakoo hatakutana kamwe na mtazamaji wa Tandika. Haya imekosa mahali pa kushika. Basi kilichobaki cha kumlinda asiyeonekana ni dhamiri ya fundi mwenyewe, na kipimo cha utamaduni wa taifa ni jinsi watu wake wanavyofanya kazi kwa ajili ya mtu wasiyemwona.

Tena yuko mmoja aliye mbali zaidi: mtu ambaye hajazaliwa. Kwa filamu iliyotoka kwa sidii pekee, pale nakala ya asili ilipopotea, hiyo sidii ndiyo kumbukumbu iliyosalia ya sura zetu, mavazi yetu na Kiswahili chetu cha mitaani cha miaka ile. Aliyeidurufu ovyo alimpunja jirani yake, na pia alimwibia mjukuu wake.

Leo vijana wengi hutazama filamu katika simu, na sidii zimekuwa chache madukani. Lakini swali halikuondoka pamoja na sidii. Walimu wanaweza kuwaomba wanafunzi waulize majumbani kama zimesalia sidii za filamu zetu, waandike jina, mwaka na watengenezaji wa kila moja, na waeleze kwa haki uzuri na kasoro zake. Kazi hiyo ifanywe kwa mwandiko unaosomeka, maana atakayeisoma baada ya miaka 50 hatapata nafasi ya kuja kuuliza.